Mibaruti Inatikisika na Upepo Hakuna

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha kuziba pancha, hapa Hanshir Rihani, milimani, kwenye barabara ya kwenda mji wa El Kef. Kahawa tunachemsha wenyewe kwenye jiko la mkaa, tunaitia matone ya maji ya maua ya mchungwa, na birika likiisha kila mtu anakumbuka kwamba ana kazi. Wenye benchi ni wanne. Mimi naitwa Kiraka, kwa sababu ya shughuli yangu. Lazhari anaitwa Redio, na hana swichi ya kuzimia. Ammari ni Bwana Dawa, aliwahi kuuza dawa za shamba kwenye duka la ushirika. Duka lilifungwa, mdomo wake haukufungwa. Wa nne ni Tijani, tunamwita Kadhi, maana hapa hata kuku hagombaniwi bila yeye kutoa hukumu. Ng'ambo ya njia, mbele ya pua zetu, ni lango la Lalla, yaani Bibi, Dhahbia, mjane wa Sadoki, na huyo Sadoki alikuwa kaka yake Kadhi, baba mmoja mama mmoja. Lango lile lilikuwa limefungwa kwa uzi wa sufu nyekundu. Nyuma yake mibaruti ilikuwa imeota hadi kumpita mtu kimo, mashina manene, majani yote miiba mitupu, na juu vichwa vya zambarau vimeanza kupasuka. Alasiri hiyo ninayoisimulia hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti, na mibaruti ilikuwa inatikisika.

— Ile pale, imeanza tena, alisema Redio. Juzi ilikuwa kwenye mtini. Leo imeshapita kisima.

— Kunywa kahawa yako, nikamwambia.

— Kiraka, mimi nina macho. Kuna kitu kinatembea mle ndani, na kinakuja huku.

— Paka huyo, alisema Bwana Dawa.

— Paka gani wa kutikisa mashina kama yale? Kavaa viatu vya jeshi?

— Basi nguruwe mwitu.

— Nguruwe mwitu anayefuata saa? Kila siku jua likishapita juu ya mnara wa msikiti anaanza kazi. Ikiadhiniwa, anaacha. Huyo nguruwe wako anaswali?

Tulicheka, kisha kicheko kikatuishia mdomoni, maana tuliusikia ule mlio. Kwach. Halafu kimya. Kwach. Ni mlio wa kitu kikali kinachokata shina bichi, pole pole, bila haraka yoyote. Nilikuwa nimeusikia kwa siku kadhaa nikajiambia ni bati la kibanda changu linajinyoosha kwa jua. Mtu akitaka kujidanganya, bati linatosha.

Kadhi hakugeuka. Alikuwa amekaa kama kawaida yake, mgongo kwa lango, sura kwetu.

— Liacheni lango la watu, akasema. Mle kuna mwanamke mwenye eda.

Hapo alikuwa amesema kweli, na ndiyo iliyotufunga mikono. Kwetu mwanamume akifa, ndugu yake ndiye anayefunga lango la mjane kwa uzi wa sufu, na aliyefunga ndiye anayekuja kufungua eda ikitimia. Mpaka hapo hakuna mwanamume wa kuingia wala kuchungulia, na mjane mwenyewe hatoki, wala hapazi sauti ikasikika njiani. Wanawake wa jirani wanampelekea chakula kwenye dirisha dogo la jikoni, upande wa kichochoro cha chini. Wanaweka sahani, wanagonga ubao mara mbili, wanaondoka bila kumtazama. Kumtazama mwenye eda machoni, wanasema, ni kumkaribisha kwako yule aliyekuja kwake. Lalla Dhahbia hakujaliwa mtoto wa kuvunja desturi hiyo kwa ajili yake. Siku ya maziko, Kadhi ndiye aliyefunga ule uzi, sote tukiangalia.

— Eda sawa, alisema Bwana Dawa, lakini mbaruti haujui eda. Vichwa vinapasuka, bwana. Bado siku chache tu zile pamba zitaruka, na mwakani shayiri yangu yote ni miiba. Mnauchezea ninyi? Shina moja linamwaga mbegu za kujaza mtaa. Ilitakiwa ikatwe kabla haijatoa maua, na mzizi uchimbuliwe wote, maana ukiukata juu juu unarudi na ndugu zake.

— Sadoki ndivyo alivyokuwa anafanya, nikasema. Kila mwaka, mvua zikikatika tu, yeye na mundu wake.

— Sadoki alikuwa mtu wa mibaruti, Mungu amrehemu. Huu mwaka wa kwanza hayupo, tazama sasa.

Kadhi alikohoa, akamimina kahawa ambayo haikuhitajika kumiminwa.

— Mimi nina dawa stoo, aliendelea Bwana Dawa. Tunapuliza kwa juu ya ukuta. Hatuingii, hatuchungulii.

— Dawa ile uliyomuuzia Hamadi? aliuliza Redio. Magugu yakanenepa, vitunguu vikafa?

— Hamadi alikosea vipimo.

— Hamadi alikosea duka.

— Basi tumwage chumvi.

— Umwage chumvi juu ya kisima cha mjane? nikamuuliza. Wewe ulizaliwa au uliokotwa?

— Mnasumbuka bure, alisema Redio. Punda wangu. Punda anakula mibaruti kama halua. Tunamsukuma ndani, tunarudi zetu kwenye kahawa, kesho kutwa uwanja mweupe.

Tulimtazama Kadhi. Alifikiri kwa muda mrefu, macho kafumba, namna anavyofanya akitaka tumwogope.

— Punda wako ni dume, akasema.

— Ni punda, Kadhi!

— Dume ni dume. Hapana.

Nilicheka mpaka kahawa ikanitoka puani. Redio alinuna, akasema hukumu ya namna hiyo hata mahakama ya mbuzi isingeitoa. Na tungeendelea hivyo hadi jioni, maana ndiyo raha yetu, lakini mlio ulirudi. Kwach. Vichwa vitatu vya zambarau vikainama kwa pamoja, vikatoweka. Vilikuwa karibu na lango kuliko nilivyopenda.

Redio alishusha sauti. Redio kushusha sauti ni jambo la kukumbukwa.

— Niwaambie kitu, na msinicheke. Ule mkono unaokata naujua. Sikilizeni. Anakata, anapumzika. Anakata, anapumzika. Nani alikuwa anakata hivyo, kwa sababu ya kifua chake?

— Acha, alisema Bwana Dawa.

— Nani?

— Sadoki tumemzika. Mimi mwenyewe niliingia kaburini kumpokea.

— Umempokea, ndiyo. Halafu? Nani alikuja kumkatia mibaruti yake? Kangoja, kangoja, kaona hakuna mtu. Kaja mwenyewe.

Niliona nywele za mkono wangu zimesimama. Nilijaribu kuzilaza kwa kiganja, zikagoma.

— Porojo, nikasema, lakini sauti ilitoka nyembamba.

— Porojo? Haya, na maua je?

— Maua gani?

Redio alitazama huku na huku, kama kwamba pale njiani kuna mtu zaidi yetu na mbwa wangu aliyelala.

— Mke wangu anapeleka sahani. Zamani ilikuwa inarudi imeoshwa, safi, basi. Siku hizi inarudi na ua la mbaruti katikati. Kichwa kimoja, kimekatwa vizuri, kimewekwa juu ya sahani kama nyama. Mara ya kwanza alidhani limeanguka. Mara ya pili akalitupa jikoni, likapasuka motoni, paa! Tangu hapo anaweka sahani na kukimbia.

Nilingoja Bwana Dawa amcheke. Hakumcheka.

— Na kwangu, akasema taratibu. Mke wangu amelifukia nyuma ya banda. Alinikataza nisiseme.

Wote wakanigeukia mimi. Kwangu maua yalikuwa yameshakuja, si moja. Mke wangu alikuwa ameacha kupeleka, anasingizia goti, na mimi nilimwachia goti lake liumwe.

— Ndiyo, nikasema. Na kwetu.

Ng'ambo ya njia kile kitu kilikata shina jingine, kikapumzika. Kadhi alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu, na sasa alizungumza haraka, yeye ambaye neno moja kwake hutoka kwa mapumziko.

— Nitawaambia mimi. Uwanja ule umechukuliwa. Una wenyewe sasa. Ardhi ikiachwa na mwenyewe, wale wasioonekana wanahamia, na mibaruti ndiyo uzio wao. Msiulize anayekata ni nani. Jiulizeni anayepokea sahani ni nani.

— Si Lalla Dhahbia? nikauliza.

— Nani kauona mkono wake? Mke wako kauona?

— Wanakatazwa kutazama.

— Mke wa Lazhari? Wa Ammari? Sauti yake je, kuna aliyeisikia? Sahani inaingia, sahani inatoka. Ninyi mnamlisha nani tangu majira ya baridi?

Jamani, nimekaa kwenye benchi hili tangu ndevu zangu nyeusi, nimesikia habari za samaki aliyetembea na mwezi ulioibwa, na sijawahi kutamani kwenda nyumbani kama nilivyotamani wakati ule. Jua lilikuwa kali, watoto wa shule wanapiga kelele kule juu, na mimi nasogelea jiko la mkaa kama mwenye baridi.

— Kwa hiyo tufanye nini, Kadhi? aliuliza Bwana Dawa.

— Moto, alisema Kadhi.

— Moto?

— Mashina kwa chini yameshakauka. Unamwaga mafuta ya taa langoni, unawasha. Mbegu zinakwisha, miiba inakwisha, na wale wanaondoka, maana hawapendi moshi. Hakuna anayeingia, hakuna desturi inayovunjwa.

— Na kama Lalla yumo? nikamuuliza.

— Nyumba ni ya mawe. Kama yumo, hatadhurika. Na kama hayumo...

Hakuimalizia. Kahawa ilimmwagikia kwenye kanzu, asijue.

Tungeweza kubisha. Kila siku tunabishana kuhusu bei ya mapera na umri wa punda, lakini siku hiyo kila mmoja alimtazama mwenzake akingoja yeye abishe. Kibandani ninalo galoni la mafuta ya taa, ninasafishia minyororo ya baiskeli. Niliinuka, nikalitoa, nikaliweka chini kando ya benchi. Hata hakuna aliyeniagiza. Nilifurahi tu kupata cha kufanya kwa mikono.

Ndipo gari dogo la mizigo likapanda mlima likikohoa, likasimama mbele yetu. Nyuma lilikuwa limejaa masanduku ya mbao, na yale masanduku yalikuwa yananguruma. Alishuka mwanamume mwembamba, uso umevimba upande mmoja.

— Salamu alaikum, wazee. Msiogope, ni nyuki. Naitwa Shedli, natoka upande wa Zaghwani. Nahama nao kufuata maua.

Tulimwitikia, nikampa kikombe, kilikuwa cha mwisho birikani. Alikishika bila kukinywa, maana macho yake yalikuwa langoni.

— Mashaallah, akasema. Mwaka mzima sijaona mibaruti iliyochanua namna ile. Mnajua asali yake? Nyeupe, haigandi. Mwenye uwanja ni nani, nimwombe niweke masanduku yangu nje ya ukuta?

— Hakuna wa kuombwa, alisema Redio. Tunauchoma.

— Mnachoma maua? Mwenyewe karidhia?

— Mwenyewe ni mjane, nikasema. Yuko ndani, kwenye eda. Haingiliki.

— Ah. Mungu ampe subira. Mume alifariki hivi karibuni?

— Siyo sana, alisema Bwana Dawa. Ilikuwa wakati wa kuchuma zeituni. Nakumbuka maana tulimzika mikono bado ina mafuta ya zeituni, hatukupata nafasi ya kunawa.

Shedli alitazama mibaruti. Akanitazama mimi, akamtazama Redio, kwa adabu, kama mtu anayedhani hajaelewa lafudhi ya watu wa mlimani.

— Zeituni ni mwanzo wa baridi, akasema. Na mbaruti huu umeshachanua, unataka kumwaga mbegu. Sasa nisameheni, wazee. Eda yake iliisha lini?

Bwana Dawa aligeuka kuutazama ule uzi mwekundu.

Nilianza kuhesabu kichwani. Miezi minne na siku kumi, mtoto wa madrasa anaijua. Baridi ilipita, mlozi ukachanua, Ramadhani ikaingia ikatoka, sikukuu tukala, kondoo wakanyolewa. Nilihesabu mara ya pili nikitafuta mahali nilipokosea, sikupaona. Redio alikuwa anahesabu kwa vidole, akafika mahali akavificha vidole mfukoni. Wake zetu walikuwa wanajua, sasa naamini hivyo, lakini wao walisema kufungua ni la ukoo wa marehemu, wakanyamaza. Sisi tulisema ni la Kadhi, tukanyamaza. Kadhi alikuwa amekaa na mgongo wake.

— Tijani, nikamwita kwa jina lake. Ulikuwa unajua?

Alijibu akiwa ameinamia miguu yake.

— Sadoki tulikuwa hatusemezani. Mnajua. Kwa sababu ya ule mzabibu wa ukutani. Amekufa hatusemezani. Siku nafunga lango, yule mama aliniuliza kwa ndani: shemeji, utakuja kunifungulia? Nikasema nitakuja. Kila asubuhi natoka nyumbani nakuja kufungua. Nikifika hapa, nakaa.

— Unakaa, alisema Redio.

— Naogopa atakavyonitazama, Lazhari. Basi.

Kwach, kule ndani. Safari hii hakuna aliyeshtuka kwa sababu ya majini. Nilijikuta nimesimama, na naapa lile galoni lilikuwa linanuka kuliko lilivyowahi kunuka.

Tulivuka njia. Kadhi alitangulia, hakuna aliyemsukuma. Ule uzi ulikuwa umelowa mvua ukakauka, ukalowa ukakauka, fundo limekuwa gumu kama kokwa ya zeituni, na vidole vyake havikuweza. Shedli alimpa kisu.

— Haukatwi, alisema Kadhi. Unafunguliwa.

Akapiga magoti mbele ya lango, mzee mzima, akaanza kufungua lile fundo kwa meno. Nilimwona anavyolitafuna na kutema sufu, machozi na mate vimechanganyika, na nikamwonea huruma na hasira kwa wakati mmoja. Lilipoachia, lango lilisukumika kiasi cha kupitisha mkono tu, likagota kwenye miiba. Nyuma yake hapakuonekana kitu ila mashina na giza la kijani.

Mlio ulikuwa umekoma. Nilikwisha sema moyoni, tumechelewa. Kisha ukaanza tena, upande wa pili wa ile miiba. Kwach, kwach, kwach, bila kupumzika.

Tulikimbilia majumbani kuchukua zana, tukakata nasi. Mimi na Redio kwa miundu, Bwana Dawa kwa jembe, bila glavu, bila mpango, miiba inaingia kwenye mikono na mapaja. Pamba za mbegu zilianza kuruka, zikatugandia ndevuni na kwenye kope. Tulikuwa tunasikia pumzi ya huyo wa upande wa pili, nzito, na hatukuthubutu kuita jina, maana hatukujua tuite jina gani. Likabaki shina moja, nene kama mkono. Nilipiga mundu wangu kwa huku, kitu kikapiga kwa kule, likaanguka.

Alikuwa amesimama Sadoki.

Joho lake la sufu ya kahawia, lile lile, kofia imevutwa hadi machoni. Viatu vyake vya shamba. Redio alitoa shahada kwa sauti ya kike na kuniangukia. Kadhi hakurudi nyuma. Alisimama tu, mikono chini, kama mtu anayengoja apigwe.

Ule mkono uliinuka, umefungwa matambara ya shuka, matambara yana damu, ukasukuma kofia nyuma. Alikuwa Lalla Dhahbia. Amekonda, nywele nyeupe zote, uso mzima mikwaruzo. Mkononi ana kisu cha jikoni, hiki cha kukatia vitunguu. Nyuma yake, kutoka kizingitini hadi hapo aliposimama, kulikuwa na njia nyembamba ya mtu mmoja, imekatwa na mizizi yake imechimbuliwa, imefagiliwa.

Alitutazama mmoja mmoja, miundu yetu, jembe, mgeni.

— Nani amekufa? akauliza.

Redio alijiinua kutoka begani kwangu.

— Watu hawaji kwangu hivi hivi, akasema. Semeni. Nani amekufa?

— Hakuna aliyekufa, shemeji, alisema Kadhi. Nimekuja kufungua.

— Leo?

— Leo.

Hakumlaumu, na Kadhi angependa alaumiwe. Alimtazama tu vile alivyokuwa akiogopa kutazamwa, kisha akafuta kisu kwenye joho.

— Nilihesabu nikamaliza, akasema. Nikajua mna shughuli. Kupiga kelele siwezi, wanaume mko njiani. Nikawa naweka ua kwenye sahani. Nilisema wanawake wakiliona watakumbuka ni msimu gani, watawaambia. Sahani zikapungua. Nikasema labda wanaogopa miiba. Sadoki alikuwa anaisafisha, sasa nani apite? Ndiyo nikaanza kuwakatia njia.

Nilikumbuka ua lililopasuka motoni, na lile lililofukiwa nyuma ya banda, na goti la mke wangu. Bwana Dawa alikuwa anakwangua udongo kwa jembe lake, udongo ambao hauna kitu.

Lalla Dhahbia alipita katikati yetu, tukampisha kwenye miiba. Alipofika langoni aliokota ule uzi mwekundu wenye alama za meno ya shemeji yake, akauviringa, akautia mfukoni. Akavuka njia, kwa mara ya kwanza tangu zeituni, pole pole, anatazama juu kama mtu aliyesahau mbingu ilivyo pana, akakaa kwenye benchi letu. Palepale pa Kadhi, lakini yeye aliligeukia lango lake.

— Harufu ya kahawa yenu, akasema. Kila siku ilikuwa inanifikia. Maji ya mchungwa mnazidisha.

Shedli alimpa kikombe chake, kile cha mwisho, bado hakijaguswa. Alikunywa chote, taratibu, mikono yote miwili, na sisi tumesimama mbele yake na pamba za mibaruti nyuso nzima. Alipomaliza aliinama kuweka kikombe chini. Kiligonga kitu. Akakisogeza kwa mguu, kwa kile kiatu cha Sadoki, akakinusa.

— Na haya mafuta ya taa, akauliza, mlikuwa mnataka kuwasha nini?

Kule nyuma ya gari nyuki walikuwa wananguruma. Redio alimtazama Bwana Dawa, Bwana Dawa akanitazama mimi, mimi nikamtazama Kadhi, ambaye kwa kila jambo ana hukumu. Birika lilikuwa tupu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba ana kazi.